Jicho Juu ya Mtutu

Bi Mwanakuu alikuwa na Alhamisi yake. Siku nyengine za wiki zilikuwa za watu: darsa la wanawake, kutazama wagonjwa, wajukuu wa Malindi wanaokuja bila kupiga simu. Alhamisi ilikuwa yake peke yake. Akishasali adhuhuri huvaa buibui, akatia mkobani kitambaa, kichupa cha mafuta na ufito wa shaba unaofunguka vipande vitatu, akatoka Kibokoni kwa miguu. Hupita Marikiti akiwakwepa hamali na mikokoteni yao, akapanda ngazi za duka la bunduki lenye mlango wa chuma, akabonyeza kengele. Huko ndiko ilikowekwa bunduki ya marehemu mumewe, Aidarus.

Aidarus alikuwa na miaka mitatu kaburini. Serikali haimwachii mjane bunduki ndani ya kabati la nguo, kwa hivyo matanga hayajaanuliwa alikuja askari na fomu zake, na bunduki ikapelekwa dukani kuwekwa stoo kwa jina la warithi. Tangu hapo fundi Kenga, mzee wa Kaloleni aliyeanza kutengeneza bunduki nywele zake zingali nyeusi, humtolea kila Alhamisi. Huifungua mbele yake, akamwonyesha kwamba haina kitu ndani, akamlazia juu ya gunia lililotandikwa mezani. Kisha humpa mgongo, akajifanya ana kazi ya kupiga tupa.

Bunduki haikuhitaji mafuta kila wiki. Kenga alilijua hilo, na Mwanakuu alijua kwamba Kenga alijua.

Ilikuwa bunduki ya marisawa, zile chembe za risasi za kupigia ndege, ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na kitako cha mti uliokolea rangi ya halua. Aidarus aliinunua kabla hajaoa hata mke mmoja. Mwanakuu alimkuta nayo, akazaa naye mabinti wawili, kisha hakuzaa tena. Mwaka wa kumi na tano wa ndoa yao Aidarus akamwoa Lamis, msichana wa miaka ishirini na moja, akampangia nyumba Kizingo yenye bustani na geti. Kabla mwaka haujageuka Lamis akazaa mtoto wa kiume. Wakamwita Bassam.

Mtu hawezi kusema Aidarus hakugawa kwa haki. Usiku mbili Kibokoni, usiku mbili Kizingo. Akileta samaki huku, kule nako amepeleka. Nguo za Idi zilitoka jora moja. Mwanakuu hakuwa na la kumlalamikia mbele ya kadhi, na hilo ndilo lililomuumiza, maana mwenye wivu asiye na la kulalamikia hana pa kuutua mzigo wake. Aliubeba kwenye sala. Kila alfajiri alimwomba Mungu amwondolee lile jambo moyoni, na kila alfajiri alilikuta pale pale, limekaa kama mgeni asiyeaga.

Kitu kimoja tu hakikugawanywa, nacho ni windo. Lamis aliogopa mlio wa bunduki, akachukia papasi wa porini. Kwa hivyo msimu wa kanga ukifika, na Aidarus akishapata kibali chake cha ndege, wakenda ranchi ya kule Taita siku kumi, Mwanakuu alikuwa mke peke yake. Alimchemshia chai ya tangawizi. Alimsikia akipiga bismillahi kabla ya kufyatua, kisha akamuona akikimbia na kisu mkononi kumuwahi ndege kabla hajakata roho. Alinyonyoa yeye, akazitafuta marisawa ndani ya nyama kwa ncha za vidole, moja moja, mgeni asije akavunja jino.

Na kila mwanzo wa msimu walikuwa na jambo lao. Aidarus huifungua bunduki, akatazama ndani ya mitutu yote miwili, akampa Mwanakuu naye atazame, kisha akaifunga tupu. Mwanakuu husimama mbele yake hatua tatu. Aidarus hufumba macho, akaipandisha begani, akayafumbua akilenga jicho la mkewe.

"Waona nini, Mwanakuu?"

"Naliona jicho lako limekaa katikati, juu ya mitutu, kama shanga juu ya uzi."

"Basi kitako kingali chanijua. Twende."

Hivyo ndivyo mwindaji wa marisawa anavyojua kwamba bunduki imemkaa, kwani bunduki hiyo hailengwi kwa utulivu. Hupandishwa ghafla, na inapokwenda jicho ndipo zinapokwenda marisawa. Jicho likikaa pembeni, kanga anakwenda zake. Na anayeweza kuliona jicho lilipokaa ni yule aliyesimama mbele tu. Kwa miaka thelathini aliyesimama mbele alikuwa Mwanakuu.

Misimu miwili ya mwisho Aidarus aliliacha jambo hilo. "Tushazeeka sisi," alisema, akaipitisha bunduki begani bila kumtazama. Mwanakuu hakuuliza. Ila alianza kuona kwamba mumewe anakosa. Kanga walewale, vichaka vilevile, naye anarudi na wawili badala ya wanane, akicheka peke yake. Mwanakuu akasema moyoni ni uzee. Akazidisha viazi kwenye chungu ili wageni wasione uchache wa nyama. Lakini lile la kutotazamwa lilimkaa rohoni. Alidhani amechokwa.

*

Jumanne moja ya mwezi wa sita, Bassam alikuja Kibokoni na mamake.

Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, ana kazi bandarini kwenye kampuni ya kupakua mizigo. Akaubusu mkono wa Mwanakuu, akaketi, akapokea kikombe cha kahawa kwa mkono wa shoto. Alipoyaona macho ya Mwanakuu akakihamisha upesi kwenye mkono wa kulia.

"Samahani, Mama Mkubwa."

"Kunywa, baba. Mimi sikusema kitu."

Alikuwa ameshasema sana zamani. Bassam alizaliwa mashoto, na mtoto yule alipokuwa akiletwa Kibokoni Mwanakuu ndiye aliyemfunza kula kwa kulia. Leo anakula kwa kulia na anachinja kwa kulia, lakini kila kitu kisicho na sunna yake kimebaki kushoto: kalamu, mpira, nyundo.

Lamis alizunguka maneno kwa muda, akauliza hali ya mabinti, akausifu weupe wa kuta. Alikuwa na miaka arobaini na sita na bado ngozi yake ilikuwa kama imetoka kuoshwa sasa hivi. Mwanakuu alilitazama hilo, akamtajia Mungu, akaendelea kulitazama.

"Dada," Lamis alisema mwisho, "huyu mtoto amepata kibali. Amepitia polisi, amepitia mafunzo, amechukuliwa alama za vidole, yote kwisha. Ataka kuwinda ndege kama babake."

"Mashaallah."

"Ila wamemruhusu bunduki moja tu. Naye ataka ile ya marehemu. Ofisi nayo yataka sahihi za warithi wote."

"Na sahihi yako ndiyo ya mwanzo, Mama Mkubwa," Bassam akasema. "Bila yako sisi hatuendi popote."

Mwanakuu alikiweka kikombe chini. Aliiona Alhamisi yake ikitoka mlangoni. Aliiona bunduki ile Kizingo, ndani ya sanduku la chuma ukutani kwa Lamis, mwanamke ambaye hakuwahi hata kuigusa. Matanga ya Aidarus yaliwekwa Kizingo kwa sababu kuna pa kuegesha magari. Picha yake kubwa iko Kizingo. Jina lake liko kwa mtoto wa Kizingo. Sasa na hii.

"Bunduki ile si ya mashoto," alisema.

"Vipi, dada?"

"Kitako chake hakikunyooka. Waliounda wamekipinda upande wa kulia, kidogo tu, upana wa ukucha, ili shavu la mtu wa kulia likae na jicho lije juu ya mitutu. Akiipandisha bega la shoto, kitako kitamsukumia jicho nje kabisa. Atapiga miti. Na kila akifyatua kitampiga shavuni, arudi amevimba kama mwenye jino bovu."

Lamis alimgeukia mwanawe. "Wasikia hayo?"

"Nasikia."

"Mimi naijua bunduki ile," Mwanakuu akaongeza. "Nimeishika zaidi ya nilivyowashika wanangu."

Na kila neno lilikuwa kweli. Alijichunguza ndani, kama alivyozoea kujichunguza kabla ya kulala, asikute hata chembe ya uongo. Si kila siku ukweli unakwenda njia moja na anachokitaka mtu, na siku hiyo vilikwenda bega kwa bega. Alishukuru, huku akiona haya kidogo kwa kushukuru.

"Basi tumnunulie mpya," Lamis alisema.

"Hiyo ndiyo busara. Iliyonyooka kitako, au iliyoundwa kwa shoto."

Bassam alikuwa akikizungusha kikombe. "Sawa. Lakini uje wewe, Mama Mkubwa, uniangalie jicho. Baba alinambia Mombasa hii hakuna ajuaye kuangalia kama wewe."

Kumbe Aidarus alimwambia. Jambo lao la watu wawili, la kule porini, lilishafika Kizingo likaketi sebuleni.

"Lini?" akauliza.

"Alhamisi, ikiwa hapana neno. Ndiyo siku yangu ya mapumziko."

*

Alhamisi, kwa mara ya kwanza, Mwanakuu alikwenda dukani kwa gari. Lamis aliendesha. Harufu yake ya udi ilitangulia kuingia dukani, na mwenyewe alipoingia alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na meza yenye gunia. Kilikuwa kiti cha Mwanakuu. Mwanakuu akasimama.

"Karibu, Bi Mwanakuu," Kenga alisema. "Leo umekuja na jeshi."

"Jeshi la shoto, Mzee Kenga. Twamtafutia silaha."

Kenga alicheka, akamtazama Bassam kutoka miguuni mpaka kichwani kama fundi wa nguo anayekisia kitambaa. Akamwambia anyooshe kidole haraka kwenye kalenda iliyo ukutani, macho yote mawili wazi, kisha afumbe jicho moja moja. Bassam alinyoosha kidole cha shoto, na alipolifumba jicho la kushoto kidole kikaruka kutoka kwenye kalenda.

"Na jicho lako nalo ni la shoto," Kenga alisema. "Hapo hapana mjadala. Usijaribu bega la kulia hata kama utaombwa na mama zako wote."

"Kula tu ndiko walikonishinda," Bassam akasema, na Lamis akacheka.

Kenga alitoa ya kwanza, ile ya mtutu mmoja inayojipakia yenyewe. Ilikuwa nyepesi, nyeusi, ya kisasa. Bassam aliipenda mara moja, kama vijana wanavyopenda simu mpya.

"Nzuri," Kenga alisema, "kwa mtu wa kulia. Tazama hapa, ganda la risasi latokea ubavu wa kulia. Wewe shavu lako litakuwa upande huu, kwa hivyo kila ukipiga moja ganda la moto litapita mbele ya pua yako. Ziko zilizogeuzwa kwa ajili ya mashoto, lakini huagizwa, na hungoja mpaka ukasahau ulingoja nini."

"Iondoe," Lamis alisema. "Sitaki ganda la moto kwenye uso wa mwanangu."

Ya pili ilikuwa ya Kituruki, ya mitutu miwili iliyopandana mmoja juu ya mwengine. Kitako chake kilinyooka, na maganda yake hutolewa kwa mkono bunduki ikishafunguliwa. Bassam aliipandisha. Mwanakuu alitazama ndani ya mitutu, akasimama mbele hatua tatu, akaangalia. Jicho lilikuwa pembeni kidogo, nusu ya ukucha.

"Si mbaya," alisema. "Itakaa akiizoea. Mzee Kenga anaweza kuitengeneza."

"Anaweza," Kenga alisema, akitazama vidole vyake, "kama mikono ingekuwa ile ya zamani."

"Basi tuchukue hii," Mwanakuu akasema. Alilisema upesi, na alipolisikia likitoka akajua kwamba ni upesi mno.

Bassam aliiweka ile ya Kituruki mezani. "Nzuri. Lakini fundi, nitolee na ya baba. Niishike tu. Nikiikuta inanipiga shavu nitaridhika."

Kenga alimtazama Mwanakuu.

"Mtolee," Mwanakuu alisema. Hakuwa na hofu. Kitako kile alikijua.

Kenga aliileta imelala juu ya mikono yake miwili kama mtoto mchanga. Aliifungua, akatazama ndani. Bassam akatazama. Mwanakuu akatazama, na kupitia ile mitutu miwili myeupe aliuona mwanga wa dirishani, safi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisafisha. Bunduki ikafungwa.

Akasimama mahali pake.

"Fumba macho," alimwambia Bassam. "Usiitafute. Ipandishe kama unaamkia mtu. Kisha fumbua."

Bassam akafumba. Akaipandisha begani, bega la shoto, akainamisha shavu kidogo tu. Akafumbua.

Mwanakuu aliangalia.

Jicho lilikaa katikati. Halikuwa nje wala halikufichwa na chuma. Lilikaa juu ya mitutu kama shanga juu ya uzi, halikupungua wala kuzidi. Na lilikuwa jicho la Aidarus. Rangi ileile ya tende mbichi inayoanza kuiva, kope zilezile, likimtazama kutoka mahali palepale.

Akashika ukingo wa meza.

Haiwezekani, alijisemea. Kitako kimepinda kulia. Mimi nakijua. Kisha akakumbuka kwamba kitambaa chake, miaka hii mitatu ya Alhamisi, huteleza pale shingoni mwa kitako kwa namna ambayo hakuizoea, naye alidhani ni vidole vyake. Akakumbuka kanga wawili badala ya wanane. Akamkumbuka Aidarus akicheka peke yake kichakani, mzee mwenye akili zake, akipiga miti. Akakumbuka "tushazeeka sisi", na bunduki inayompita bila kutazamwa.

Kumbe hakuwa amemchoka. Alimficha. Angemsimamisha mbele hata mara moja tu, angeliona jicho lake limekaa nje, angejua. Kitako kilikuwa kimeshapindwa upande wa pili. Misimu miwili mumewe aliwinda na bunduki isiyokuwa yake tena. Siku zile kumi alizodhani ni zake peke yake, Kizingo kulikuwa kumeshaingia, kumelala ndani ya mti wa kitako, na yeye akikupaka mafuta.

"Mama Mkubwa," Bassam aliuliza, bunduki ingali begani, "waona nini?"

Neno lilelile. Sauti tu ndiyo changa.

Lamis aliinua uso. "Haikumkaa, sivyo, dada? Ulisema."

Ndiyo, alisema. Alilisema sebuleni kwake, na wote wawili walimwamini. Sasa alihitaji kulirudia tu. Aliyesimama mbele ni yeye peke yake. Hakuna mwengine duniani anayeliona jicho lile. Aseme haikumkaa, kijana achukue ile ya Kituruki ambayo si mbaya, na ya Aidarus irudi stoo, na Alhamisi ijayo aje kwa miguu aikute juu ya gunia. Nani atakayeumia? Alimtafuta Kenga kwa macho. Aliyekipinda kitako ni Kenga, hapana mwengine Mombasa mwenye kazi ile. Kenga alikuwa amempa mgongo, ameshika tupa, kama kila Alhamisi. Akajua mzee yule hatatia neno, aseme hili au aseme lile.

Alikuwa na udhu wake wa adhuhuri. Aliuhisi mwilini kama nguo iliyotoka kufuliwa.

"Teremsha," alimwambia Bassam. "Mkono utakuchoka."

Bassam akateremsha.

"Imekukaa."

"Imenikaa?"

"Jicho liko katikati. Haitaki kuzoewa wala kutengenezwa. Imekukaa kuliko ile mpya."

Lamis alisimama. "Lakini si ulisema kitako..."

"Nilisema nilichokijua. Muulize fundi nisichokijua."

Tupa ilinyamaza. Kenga aligeuka polepole, akaketi juu ya kibao chake, akaanza kuipangusa mikono yake kwa tambara hata baada ya mikono kuwa safi.

"Marehemu aliileta yeye mwenyewe," alisema. "Kama miaka miwili hivi kabla ya kufa. Mikono yangu ilishaanza kutetemeka, na daktari alishanambia macho yatafuata. Akasema, Kenga, kama si sasa haitafanyika tena. Mtoto ni mashoto na hatageuka, mamake mkubwa amejaribu akashindwa. Tukakimiminia kitako mafuta ya moto siku nzima, tukakikaza kwa jiriwa, tukakipinda kidogo kidogo upande wa pili. Nikamwambia, sasa wewe utawindaje? Akasema, nitakosa."

"Na akakosa," Mwanakuu alisema.

"Akakosa. Alikuja hapa akinihadithia anavyokosa, anacheka machozi yanamtoka. Alisema wazidisha viazi."

Mwanakuu alihisi uso ukimpata moto chini ya mtandio. "Na mimi nisiambiwe kwa nini?"

Kenga alimtazama Lamis, akamtazama Mwanakuu, akapima kama inafaa kusemwa. "Alikuogopa, bibi. Simba wa Taita alimkuta njiani akampisha. Wewe alikuogopa."

Bassam aliinamisha uso asionekane anacheka. Alikuwa amekipakata kitako, akikipitishia kiganja cha shoto pale shingoni, na machoni mwake mlikuwa na maji. Lamis alimshika bega. Walisimama hivyo, mama na mwana, na bunduki katikati yao, na Mwanakuu akasimama upande wa pili wa meza na mkoba wake.

Akatoa miwani. "Leta hiyo karatasi."

Alitia sahihi kwa herufi kubwa alizofunzwa darasa la saba, jina lake na la babake, bila kukosea. Chini yake Lamis akatia yake, ndogo na ya haraka. Kenga aliikunja fomu akaitia kwenye bahasha.

"Basi," Lamis alisema, na sauti yake ilikuwa laini kweli. "Dada, Mungu akulipe. Hata mimi nisingeweza."

Mwanakuu aliamini kwamba asingeweza. Jambo hilo halikumpa furaha iliyotakikana. Wivu ulikuwa palepale ulipokuwa alfajiri, haukutoka kwa ajili ya sahihi. Aliutazama kama anavyoutazama kila siku.

Bassam alikuwa akizunguka meza. "Na vifaa vyake? Ule ufito wa kusafishia na kitambaa. Baba alikuwa nao wa shaba."

Mwanakuu alifungua mkoba. Ufito ulikuwa ndani, vipande vitatu vimefungwa kwenye kipande cha kikoi cha Aidarus kilichochakaa. Aliutoa ukaonekana. Bassam akanyoosha mkono wa shoto, akakumbuka, akanyoosha wa kulia.

Mwanakuu akaurudisha mkobani, akafunga zipu.

"Huu hauandikwi kwenye leseni," alisema. "Huu utakaa Kibokoni."

"Sasa nitasafishaje?"

"Ukitoka windoni wapita njia gani?"

"Ile ya Voi, halafu..."

"Halafu wafika Mombasa, waja Kibokoni. Bunduki ikishapigwa haifai kulala na masizi. Utaketi pale ukumbini, niifungue mimi, nitazame mimi, nikufunze kuisafisha. Na kila mwanzo wa msimu, kabla hujatia hata risasi moja, utakuja nikuangalie jicho. Hayo ndiyo masharti ya bunduki ile. Babako aliyafuata miaka thelathini. Alipoyaacha wajua alichokipata."

"Viazi," Kenga alisema kutoka kwenye kibao chake.

"Nitakuja, Mama Mkubwa," Bassam alisema. "Wallahi nitakuja."

"Usiape. Njoo tu."

Lamis alikuwa akitafuta funguo za gari mkobani mwake, na alikuwa akizitafuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Na hao kanga?" aliuliza, akijaribu kucheka. "Si atawaleta nyumbani kwanza, nimpikie mwanangu windo lake la mwanzo?"

"Wewe wajua kuzitafuta marisawa ndani ya nyama?"

"Sijui."

"Basi waje kwangu kwanza. Nitawanyonyoa, nitawatazama, nitawapika na nazi kama alivyopenda babake. Kisha Bassam atakuletea mapaja."

Lamis aliinua uso. Midomo yake ilikuwa bado inatabasamu, lakini machoni kulipita kitu kingine, cheusi na kifupi, kikajificha upesi nyuma ya adabu. Mwanakuu alikiona. Alikijua pale pale, kama mtu anavyoijua leso yake mwenyewe imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

"Haya, dada," Lamis alisema.

"Haya," Mwanakuu alisema.

Alikataa kurudishwa kwa gari. Alishuka ngazi kwa miguu yake, akapita Marikiti, mkoba ameubana kwapani na ufito ukimgusa ubavuni kwa kila hatua. Mbele ya mizani ya muuza viazi alisimama kidogo, akamwombea Lamis kwa Mungu amwondolee lile jambo moyoni. Alimwombea kwa ikhlasi, kwa kuwa alijua ni zito. Kisha akaendelea na njia yake bila kununua viazi.